Fungu la Msafiri

Maganga alikuwa amekufa tangu mwaka juzi, lakini asubuhi ile ya kufungua shule yeye ndiye aliyemfundisha binti yake kufunga kamba za viatu.

"Ya kulia ipite juu ya ya kushoto," alisema kutoka ukutani. "Sasa iingize chini, uvute. Taratibu, mama. Hapo umefunga kiatu pamoja na mguu wa meza."

Nshoma alitazama chini, akaona ni kweli, akacheka hadi akakaa sakafuni. Baba yake naye alicheka kule ukutani, kile kicheko chake cha kuanzia puani, kisha akachuchumaa ili macho yao yawe usawa mmoja, akaanza upya kwa kamba za viatu vyake mwenyewe. Alikuwa amevaa kizibao cha njano cha wakaguzi wa reli, na begani palikuwa na doa la grisi ambalo mkewe alilifua siku nyingi bila kufua dafu. Hata doa lile halikusahauliwa.

Mtambo uliofanya hayo uliitwa kidumishi. Hakikuwa filamu, wala sauti iliyorekodiwa zamani ikawa inarudiwarudiwa. Kilikuwa akili mnemba iliyolishwa maisha ya mtu mmoja: simu alizopiga, ujumbe alioandika, picha za harusini na za kazini, hata namna alivyokohoa kabla ya kumkatalia mtu jambo. Kikishashiba hayo, kilisema yale ambayo mwenyewe angeyasema. Kwa jicho dogo lililopachikwa juu ya ukuta kilimwona mtoto, kikaona amekosea, kikamtania vile ambavyo marehemu angemtania.

Tabora ya miaka hiyo ilikuwa na maajabu mengi. Roboti zilifagia njia za Kanyenye kabla jogoo hajawika. Treni ya sumaku ilitoka Dar es Salaam kwa kasi ambayo watu waliifanyia utani, wakisema ukipanda na chupa ya chai utashuka Tabora uungue ulimi. Lakini treni haikumliza mtu wala roboti ya kufagia haikumfariji mtu. Kidumishi kilifanya yote mawili, na ndiyo maana kiliingia karibu kila nyumba iliyopata msiba.

Aliyekibuni alikuwa Mhandisi Kalunde, mama yake Nshoma, ambaye wakati huo alikuwa jikoni akiunguza uji. Katika Taasisi ya Akili Mnemba watu walisimama alipoingia chumbani. Nyumbani kwake Ipuli hakuna aliyesimama, na uji uliungua siku zote. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwepesi wa kufikiri na mzito wa kusema, na tangu mumewe afe alikuwa mzito zaidi.

"Baba, unarudi lini?" Nshoma aliuliza akiwa amesimama na viatu vyake, vyote viwili vimefungwa.

"Bado niko safarini, mama. Kasome kwa bidii."

Kalunde aliyasikia hayo akiwa amewapa mgongo. Aliyasikia kila siku, na kila siku alijikuta ana kitu cha kukwangua kwenye sufuria.

Shuleni, kama ilivyokuwa desturi kila muhula unapofunguliwa, Mwalimu Zuwena aliwaita wazazi wa Darasa la Kwanza awaeleze watoto watajifunza nini. Alikuwa mama wa makamo, mnene, mwenye sauti ya chini ambayo iliwafanya hata wazazi wakorofi wanyamaze ili wamsikie. Alisema muhula huu watoto watasoma sentensi nzima badala ya neno mojamoja. Watajumlisha na kutoa mpaka mia. Watapanda miche ya miyombo na kila mmoja atamwagilia wake. Watazoea kuiambia roboti ya darasani "tafadhali" bila kukumbushwa, maana mtoto anayezoea kuamrisha mashine huja kuwaamrisha na watu. Wazazi walicheka, wengine wakatazama pembeni kwa kuwa watoto hawakuwa wameyatoa hayo mbinguni.

Kisha alisema kuna somo moja jipya ambalo bado halijakamilika, na kwamba wataitwa tena. Aliufunga mkutano, akamshika Kalunde mkono kabla hajafika mlangoni.

"Mama Nshoma, wewe ubaki kidogo."

Ndani ya ofisi alikuwapo Bwana Kashindye, afisa elimu wa mji, mtu mwenye haraka na mwenye nia njema. Mwalimu Zuwena hakuanza na somo. Alianza na mzani wa afya, ule uliofukiwa chini ya kizingiti cha darasa, unaompima kila mtoto anapoingia bila yeye kujua. Mzani ulikuwa umelalamika muhula uliopita wote. Watoto wa Darasa la Kwanza walikuwa wanakonda. Madaktari walikuja wakatafuta minyoo, wakakosa. Wakapima damu, wakaikuta safi. Mashine ya kupakua chakula ilikaguliwa, ikaonekana inapakua kipimo kile kile kwa kila sahani, na sahani zote zilirudi tupu.

"Zilirudi tupu kweli," Mwalimu Zuwena alisema. "Ila hazikuliwa."

Aligundua kwa pua. Siku chache kabla ya kufunga shule alinusa harufu mbaya stoo, akayasogeza magunia ya mipira, na nyuma yake akakuta chakula. Nusu ya andazi. Kipande cha muhogo. Yai lililoumwa upande mmoja tu. Wali uliofungwa kwenye karatasi, umeota ukungu wa kijani. Kila kifurushi kilichorwa uso wa mtu, kwa kuwa wenye vifurushi walikuwa bado hawajui kuandika vizuri. Aliwauliza ni vya nani, nao hawakuficha wala kuona haya. Hiki cha bibi. Hiki cha babu. Hiki cha mjomba Masanja. Alipouliza kwa nini wanawawekea, mtoto mmoja alimtazama mwalimu wake kwa huruma, kama mtu anayemweleza mgeni jambo ambalo kila mwenyeji analijua. Alisema bibi yuko safarini, na akirudi atakuwa na njaa.

Mwalimu aliwaambia wanyooshe mikono wale walio na mtu safarini. Mikono ilijaa darasa zima isipokuwa ya watoto wawili, na hao walionekana wanyonge, mpaka mmoja wao akasema mbuzi wao naye amesafiri.

Bwana Kashindye alitabasamu kwa hilo la mbuzi. Kalunde hakutabasamu. Alikuwa ameshaelewa.

Neno lile la safari alikuwa amelitia yeye. Alipokuwa akikiunda kidumishi cha kwanza, wenzake walimuuliza kitajibu nini mtoto mdogo akikiuliza kiko wapi. Hakufikiri sana. Alijibu kama ambavyo watu wa kwao walijibu tangu zamani, kwa sababu mtoto hapewi habari za kifo. Huambiwa kwamba mtu amesafiri, wakubwa wakaendelea kulia chumba cha pili. Akaandika amri fupi ndani ya mtambo: kwa mtoto mdogo, mimi niko safarini. Kwenye taasisi waliiita kanuni ya safari, na hakuna aliyeipinga, kwani wote walilelewa hivyo hivyo.

Yeye mwenyewe alilelewa hivyo. Baba yake, mrina asali, alifia porini, naye Kalunde akaambiwa amesafiri. Aliamini mpaka matanga yalipokwisha. Siku hiyo nguo za marehemu ziligawiwa kwa ndugu, na jioni akamwona baba yake mdogo amevaa shati la baba, lile la mistari lenye kifungo kimoja cha rangi tofauti. Hakuna aliyemwambia kitu. Alilitazama lile shati likitembea uani na mtu mwingine ndani yake, akajua.

Ndivyo uongo ule wa wema ulivyokuwa ukikoma siku zote. Shati hugawiwa, kitanda huhamishwa, jina hupewa mtoto mwingine, na polepole mtoto hujua bila kuambiwa. Lakini Maganga wa ukutani alivaa kizibao chake kila asubuhi. Hakuna ndugu aliyekichukua. Kalunde alikuwa ameuchukua uongo wa wazazi wake na kuupa sauti, macho na kicheko, akaufanya usikome. Na alisahau jambo ambalo mtu yeyote aliyekulia nyumba yoyote ya pale angelikumbuka, kwamba ukisema mtu yuko safarini, wa nyumbani humbakizia chakula.

"Mtaala unatutaka tuwafundishe," Mwalimu Zuwena alisema. "Tumeliita Somo la Kuaga. Tutawaambia kifo ni nini, na kwamba hao waliosafiri hawapo safarini. Ila siwezi kusimama mbele ya darasa nikasema hivyo, halafu mtoto afike nyumbani ukuta umwambie mimi ni mwongo."

Bwana Kashindye alikuwa na suluhisho tayari. Alisema wazazi wengi hawataweza kusema, na wasilaumiwe, kwani msiba ni mzito. Basi vidumishi vyenyewe viseme. Mhandisi aiondoe kanuni ya safari, aweke nyingine, na kila marehemu amwambie mtoto wake kwa sauti ambayo mtoto anaiamini kuliko zote. Siku moja, saa moja, mji mzima, na jambo limekwisha.

Kalunde aliitikia upesi mno. Alifarijika, na aliona haya kwa kufarijika kwake, lakini alifarijika kweli. Alikuwa amelikwepa jambo hili tangu mwaka juzi, na sasa ofisi ya elimu ilikuwa inamtaka alikwepe kwa amri.

Mwalimu Zuwena alimsindikiza hadi nje. Pale uwanjani roboti ya bustani ilikuwa ikichimba mashimo ya ile miche ya miyombo, na vumbi la Julai lilipanda taratibu.

"Nshoma umeshamwambia?" mwalimu aliuliza.

Kalunde alitikisa kichwa.

"Basi tuko sawa. Mimi nakaa na mtoto wa marehemu dada yangu, na sijamwambia. Hapa shuleni nilisema 'amesafiri' kama nilivyoagizwa, na nyumbani nikasema bila kuagizwa na mtu." Alijipangusa vumbi usoni. "Ila sijui, Mama Nshoma. Naona kama jambo hili linataka mtu."

Kalunde alimwambia kwamba ataanzia kwake. Hakutaka kupeleka katika nyumba za watu maneno ambayo mtoto wake mwenyewe hajayasikia.

Jumamosi Nshoma alipokuwa uani akiruka kamba, mama yake aliingia chumbani kwake. Alijua anachotafuta ila hakujua kiko wapi, na mahali pa kwanza alipotazama ndipo kilipokuwa, chini ya kitanda, ndani ya kopo kubwa la biskuti. Hakunusa kitu kibaya. Nshoma alikuwa mtoto wa mhandisi. Mwanzoni huenda alihifadhi maandazi yakaharibika, kwa sababu ndani ya kopo sasa hapakuwa na chochote kinachooza. Palikuwa na matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa ambavyo hukaa msimu mzima. Palikuwa na karanga zilizokaangwa. Palikuwa na kipande cha keki ya siku yake ya kuzaliwa, kigumu cha kuvunja jino. Kopo lilijaa hadi kifuniko kilikataa kufunga.

Kalunde alikaa kitandani na kopo mapajani. Alikumbuka jinsi Maganga alivyokuwa akirudi kutoka kukagua reli, mchovu, vumbi hadi kwenye kope, na kabla hajavua viatu alisimama mlangoni akauliza, "Mmenibakizia?" Lilikuwa swali la mzaha, maana alijua fika kwamba limewekwa hotpoti juu ya kabati na ndani yake mna fungu lake. Kila siku aliuliza, na kila siku Nshoma, akiwa bado hajui kutamka vizuri, alikimbia kulionyesha. Kidumishi kilipolishwa maisha ya Maganga kilikuta swali lile mahali pengi kuliko neno lingine lolote, kwa hiyo kililiuliza. Kila jioni, familia inapokaa kula, ukuta uliuliza, "Mmenibakizia?" Kalunde alikuwa akilisikia kama wimbo wa nyumbani, na lilimliwaza. Hakuwahi kufikiri kwamba palikuwa na mtu mezani aliyekuwa akilijibu.

Alilia pale kitandani, bila sauti ili asisikike uani. Kisha alinawa uso, akafungua mtambo, akaiondoa kanuni ya safari. Ilikuwa mistari michache tu. Badala yake akaandika kwamba mtoto akiuliza, aambiwe kweli, kwa upole, kwa namna ambayo mwenye sauti angeisema.

Alimwita Nshoma ndani. Mtoto aliingia akihema, akakaa mkekani mbele ya ukuta. Alikuwa na mifupa ya bega iliyotokeza kwenye gauni, na mama yake aliiona siku ile kana kwamba imeota asubuhi.

"Baba ana jambo la kukuambia," Kalunde alisema. "Muulize yuko wapi."

"Baba, uko wapi?"

Maganga wa ukutani alifungua mdomo. Hakusema. Alikohoa kile kikohozi chake, akajikuna nyuma ya sikio, akatazama kando.

"Muulize mama yako," alisema.

Kalunde alidhani amekosea kuandika. Alirudi kwenye mtambo, akaikagua mistari yake, ikawa sawa. Akamwambia Nshoma aulize tena, naye Nshoma aliuliza kwa utii, na Maganga alikunja mikono kifuani, akaifungua, akasema kwa sauti ya chini zaidi kwamba mama yake ndiye atakayemweleza vizuri. Hapo Kalunde aliacha kuikagua mistari, kwa kuwa alikwisha kufahamu kwamba haikuwa na kosa.

Alimfahamu mtu yule. Kaka yake Maganga alipofariki, Maganga ndiye aliyepokea simu, na alikaa kibarazani hadi Kalunde aliporudi kazini ndipo akamwomba aende yeye kwa mama mkwe akaseme. Hospitalini, daktari alipokuja na majibu ya mwisho ya figo zake, Maganga aligeukia ukuta akasema, "Mwambie mke wangu." Alikuwa mwanamume jasiri wa kutembea juu ya reli inayonguruma, lakini habari mbaya haikuwahi kutoka kinywani mwake. Kalunde ndiye aliyekuwa akizisema zote. Na sasa kidumishi, kazi bora ya mikono yake, kilichomjua Maganga hadi doa la grisi, kilikuwa kinafanya hasa ambacho Maganga angefanya.

Alimchukia mumewe kwa dakika hiyo, na alimpenda vilevile. Kisha akashuka kwenye kiti, akakaa mkekani.

"Nshoma," alisema, "baba hayuko safarini. Baba yako amekufa."

Mtoto alimtazama. Neno alilijua, kama mtu anavyolijua jina la mji ambao hajafika.

"Amekufa mpaka lini?"

Kalunde alikuwa ametunga majibu ya maswali mengi. Hilo halikuwamo.

"Haina lini, mwanangu. Harudi. Mwili wake uliumwa ukachoka, ukasimama. Tulimzika. Siku ile uliyopelekwa kulala kwa shangazi, ndiyo siku tuliyomzika."

"Na huyu?" Nshoma alielekeza kidole ukutani, ambako Maganga alikuwa amesimama ameinamisha kichwa.

"Huyu ni mtambo. Niliutengeneza mimi. Umejifunza kusema kama baba."

"Kwa hiyo huyu hali chakula?"

"Hali."

"Na baba?"

"Baba naye hali tena."

Nshoma alitazama mlango wa chumba chake, lilikokuwa kopo. 

"Hata matobolwa?"

"Hata matobolwa."

Ndipo alipolia. Hakulia kwa staha kama mama yake. Alilia kwa mdomo wazi, akaurusha mguu, na kiatu alichokifunga vizuri asubuhi kikamtoka. Kalunde alimvuta kifuani, naye akajinasua, akamsukuma, kisha akarudi mwenyewe.

"Ulinidanganya," alisema.

"Ndiyo. Nilikudanganya."

"Nilikuwa na njaa, mama. Siku nyingi nilikuwa na njaa."

Kalunde angeweza kujitetea. Angeweza kusema kwamba ndiyo desturi, kwamba kila mtu alifanya hivyo, na kwamba nia ilikuwa njema. Hakulisema hata moja. Alimshika tu, akayapapasa mabega yale membamba kwa viganja vyake, na alijua kwamba hatayasahau.

Nshoma alilala kwa uchovu wa kulia. Kalunde alimpigia simu Mwalimu Zuwena, akamweleza yaliyotokea, na kwamba kesho kutwa atamwambia Bwana Kashindye kuwa vidumishi haviwezi kazi ile. Vingine huenda vingeweza, kwa kuwa wapo marehemu waliokuwa na moyo wa kusema. Lakini hata hivyo visiachiwe. Somo lile lifundishwe na mtu anayeweza kulia. Kila mtoto aje shuleni na mtu wa kwao, na mtu huyo aseme.

Mwalimu aliyasikiliza yote. Kisha alisema basi na yeye leo atazungumza na mtoto wa dada yake, na sauti yake ya chini ilishuka zaidi hadi Kalunde hakusikia aliyomalizia.

Jioni Kalunde alipika wali na kuku, na kwa mara ya kwanza katika siku nyingi hakuunguza kitu. Nshoma aliamka na macho yaliyovimba, akaja mezani akiwa amelikumbatia lile kopo. Aliliweka kando ya sahani.  Alianza kula. Alipofika katikati mkono wake ulifanya ulichozoea, ukaligawa fungu la wali na kipande cha paja, ukalisogeza pembeni mwa sahani. Akaona mkono wake unachofanya, akausimamisha hapo.

Kalunde alitaka kumwambia kwamba anaweza kula. Alijizuia. Aliona kwamba hapa hapakuwa na la kumfundisha.

Nshoma alilirudisha fungu. Alilila polepole, tonge kwa tonge, machozi yakimtiririka hadi kidevuni, hakuyafuta. Alipolimaliza alifungua kopo, akatoa tobolwa moja, akalitafuna pia, ingawa alikuwa ameshiba. Mama yake alimtazama akila, na kila tonge lilimwuma, kwani mpaka siku ile hata yeye, pamoja na elimu yake yote, alikuwa bado hajalifuta fungu lile moyoni. Hotpoti la Maganga lilikuwa bado juu ya kabati. Alikuwa akilipangusa vumbi kila wiki.

Kidumishi kiliona meza, kiliona sahani. Maganga alitokea ukutani na kizibao chake, akaegemea kizingiti ambacho hakikuwapo.

"Mmenibakizia?" aliuliza.

Kalunde alifanya kama kuinuka akizime. Nshoma alikuwa ameshageuka.

"Hapana, baba," alisema. "Nimekula chote."

Maganga hakuwahi kuambiwa hivyo maisha yake yote, kwa hiyo kidumishi hakikuwa na jibu. Kilimtazama mtoto kwa jicho lake dogo, kikangoja. Kalunde aliinuka, akalishusha hotpoti kutoka juu ya kabati, akaenda kuliosha pamoja na vyombo vingine.